Udongo wa kopo la maua usimletee mtoto minyoo

Maua ya ndani yamekuwa pambo la sebule nyingi za Singida mjini. Jirani anakata tawi, anampa jirani, kazi inabaki kutafuta udongo. Hapo ndipo wengi hukosea. Huchota samadi mbichi zizini au bandani kwa kuku, hujaza kopo na kuliweka sakafuni, mahali anapofika mtoto anayetambaa.

Samadi mbichi huunguza kipande cha tawi ambacho bado hakijatoa mizizi. Pia hubeba vijidudu vya kuharisha. Udongo uliochotwa karibu na choo nao unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na mtoto mdogo kila anachoshika hukitia mdomoni. Minyoo michanga ya safura hupenya hata ngozi ya mguu mtupu, kisha hunyonya damu tumboni.

Mchanganyiko unaofaa ni makopo mawili ya mchanga wa mtoni, moja la udongo wa shambani na moja la samadi iliyooza. Samadi iliyooza haina joto wala harufu kali, na hupukutika mkononi. Mchanga wa kando ya Ziwa Singidani au Kindai uachwe, kwani maji yake yana chumvi, na chumvi huharibu mizizi.

Udongo uchekechwe kuondoa vioo na misumari, kisha ulowanishwe kidogo. Kwenye debe kuukuu yapangwe mawe, yamwagiwe maji kidogo, na udongo uwekwe juu ya mawe ndani ya mfuko wa katani. Debe lifunikwe bila kubana na lichemkie nje ya nyumba kwa nusu saa tangu mvuke uanze kutoka. Upandaji usubiri mpaka udongo upoe kabisa.

Mvuke huo hauui vijidudu vyote. Vya pepopunda, ambavyo huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, huvumilia joto. Kinga yake ni chanjo, ambayo mtoto huanza kuipata akiwa na wiki 6, kisha 10 na 14. Mzazi aangalie kadi ya kliniki kabla ya kushika koleo.

Baada ya kupanda, kopo liwekwe juu na mikono ioshwe kwa sabuni. Mtoto anayekula udongo mara kwa mara asichapwe. Apelekwe kituo cha afya akapimwe wingi wa damu na minyoo.