Tusingoje Rambirambi



Wapendwa waamini, juma hili tunaomba ruhusa ya kusema neno lisilo tamu. Mtoto akifariki katika jumuiya zetu, bahasha ya rambirambi hujaa kabla ya jua kuzama. Lakini mama yake alipopita miezi kadhaa kabla akiomba msaada wa kumtibu moyo, tulimwahidi sala. Sala ni njema, wala hatuidharau. Ila sala inayotumika kufunga mfuko imegeuka kisingizio.

Kisha, kaburini, tunatamka kwamba ni mapenzi ya Mungu. Tusimsingizie Mungu! Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, takribani 8 huzaliwa na kasoro ya moyo. Si laana, wala si mkono wa jirani. Tundu dogo moyoni huweza kujifunga lenyewe. Kubwa hupeleka mapafuni damu iliyozidi. Mtoto huchoka akinyonya, hutokwa jasho, haongezeki uzito, hushikwa na nimonia mara kwa mara. Likizibwa mapema, walio wengi hukua na kucheza kama wenzao. Likiachwa kwa miaka, mishipa ya mapafu huharibika, na ikifikia hapo hata daktari bingwa hathubutu kulifunga. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika moyo wa mtoto, ukuta huo haujengeki tena.

Zamani tulijitetea kwamba India ni mbali. Leo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, huwapasua watoto hapa hapa nchini. Na wageni walitutangulia katika upendo huu. Daktari Ami Cohen alianzisha shirika la Save a Child's Heart nchini Israel mwaka 1995, akafariki mwaka 2001 akiupanda Mlima Kilimanjaro. Shirika hilo halikuishia kuwatibu watoto wa Kitanzania. Lilimfundisha pia Mtanzania mwenzetu, Daktari Godwin Godfrey, upasuaji wa moyo wa watoto. Je, ni haki mgeni amjali mtoto wetu, nasi tulio jirani zake tungoje matanga?

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, na tuidai bila woga, kwa kuwa matibabu ya mtoto ni haki, si hisani. Lakini Papa Benedikto wa XVI, katika waraka wake Deus Caritas Est wa mwaka 2005, alitufundisha kwamba haki, hata ikitimia, haiondoi haja ya upendo. Mtoto anayehema usiku huu hawezi kungoja bajeti ijayo.

Tumtazame Msamaria Mwema. Alifunga majeraha, akalipa nyumba ya wageni, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Nasi tusidhani kazi imekwisha siku ya upasuaji: kuna nauli, malazi ya mama, dawa, na kliniki za miezi mingi baadaye. Huko ndiko familia maskini huanguka wakati wapiga picha wamekwisha kuondoka.

Basi tunapendekeza jambo moja. Tunajua kuunda kamati ya arusi, kugawa kadi za mchango na kufuatilia ahadi mpaka senti ya mwisho. Ustadi huo huo kila jumuiya iuelekeze kwenye mfuko wa watoto wagonjwa, wenye mweka hazina na hesabu zinazosomwa hadharani. Kila atoaye kwa arusi atoe pia sehemu kwa moyo wa mtoto.

Rambirambi tutaendelea kutoa, kwa kuwa kufiwa kupo. Lakini bahasha ile ile, ikifika mapema, humrudisha mtoto nyumbani akitembea kwa miguu yake.