Tigers wamuuze Skubal? Bado mapema

Mkataba wa Tarik Skubal, mrushaji nyota wa timu ya besiboli ya Detroit Tigers, unaisha baada ya msimu wa 2026. Wengi wanataka auzwe sasa. Wanakumbuka ya Ohtani: mwaka 2023 Los Angeles Angels walimng'ang'ania, wakakosa mtoano, naye akasepa zake Dodgers kwa dola milioni 700. Angels wakaambulia nafasi ya kuchagua chipukizi mmoja tu.

Lakini Tigers sio Angels. Wamecheza mtoano 2024 na 2025, na misimu yote miwili Skubal kabeba Tuzo ya Cy Young. Ubingwa wao wa mwisho ni wa 1984! Ukimuuza, unaletewa vijana wa kusubiri miaka waive. Timu ikiyumba kufikia Julai, hapo sawa, wampige bei.