Barua ya Kumwombea Kijana Chuo

Wapendwa wanaparokia, upeo wa mtihani wa SAT ni alama 1600, na mwaka 2024 Harvard ilitangaza kuurudisha kuwa sharti. Lakini wenye alama za juu huzidi nafasi: mwaka 2023 chuo hicho kilikubali waombaji wasiofika 4 katika kila 100. Ndiyo maana huko Marekani husomwa pia insha ya mwombaji na barua za wanaomfahamu.

Nasi huombwa barua hizo. Twakiri tumewahi kuandika “mwadilifu, mchapakazi” kwa vijana tusiowajua vema; maneno hayo hayakumsaidia yeyote. Afadhali kusema kwamba kila Jumamosi huwafundisha wadogo zake hesabu, na akikosea huwaomba radhi. Basi anayeitaka barua yetu na aje kwanza tuzungumze, bila mzazi.