Tahadhari Ijaribiwe Kabla ya Vuli

Vimbunga vya kitropiki, yaani dhoruba kubwa zinazozaliwa juu ya bahari yenye joto na kuzunguka kitovu kimoja kwa kasi, huifikia Tanzania kwa nadra, kwa sababu karibu na ikweta athari ya mzunguko wa dunia inayozisokota dhoruba hizo ni dhaifu. Nadra hiyo ndiyo inayopaswa kutia wasiwasi, kwa kuwa mfumo wa tahadhari usiotumika kwa miaka mingi huchakaa kimyakimya: namba za simu hubadilika, viongozi wa vijiji humaliza muda wao, na walioshuhudia kimbunga cha Lindi cha Aprili 1952 huondoka na kumbukumbu zao.

Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilipita jirani na kutua kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka 2021 Jobo kilidhoofika kabla ya kuleta madhara yaliyohofiwa. Na mapema Mei 2024 Hidaya kikaikumba Mafia na pwani ya kusini, wakati msimu wa vimbunga, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kuisha Aprili, ulikwisha kuhesabiwa kuwa umepita. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa za Hidaya siku chache kabla, na kazi hiyo inastahili sifa. Swali la makala haya linahusu safari ya taarifa baada ya kutoka Mamlaka.

Kwa mfano, kwa Mashewa, kata ya Wilaya ya Korogwe iliyo bara, kimbunga hakitakuwa mawimbi bali maji ya mlimani, mvua inyeshayo Usambara na kushuka kwa mito kama Lwengera, ambao huungana na Pangani karibu na Korogwe. Oktoba 2019, pasipo kimbunga chochote, mafuriko yaliua watu na kukata barabara Handeni na Korogwe, na mwenye shamba ng'ambo ya mto anajua kwamba taarifa ya mvua kubwa katika Mkoa wa Tanga haimwambii avuke leo au asubiri. Aidha, ngazi tatu za Mamlaka, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zina maana kwake ikiwa tu amekwisha kufundishwa kila moja inamtaka afanye nini.

Ndiyo maana safari hiyo ya taarifa inahitaji kujaribiwa, na jaribio la kweli halifanyiki ukumbini kwa posho na chai. Ujumbe utoke wilayani saa tatu usiku, umeme ukiwa umekatika kama unavyokatika mvua inaponyesha, umfikie mtendaji wa kata, kisha watendaji wa vijiji na wenyeviti wa vitongoji, kisha spika ya msikiti, kengele ya kanisa na vijana wa bodaboda, na katika kila kituo iandikwe saa ulipopokelewa na jina la asiyepatikana. Kitongoji kilichopata habari asubuhi ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote katika zoezi hilo, kwa maana kimeonyesha mahali mnyororo ulipokatika, tena bila kugharimu roho ya mtu.

Wapo wanaohofia kwamba majaribio yatazua taharuki, na hofu yao ina msingi: Januari 2018 mtumishi wa jimbo la Hawaii, Marekani, alituma onyo la kombora kana kwamba ni la kweli, na ikachukua dakika 38 kulikanusha rasmi kwa simu za wananchi. Dawa yake ni neno «jaribio» mwanzoni na mwishoni mwa kila ujumbe, pamoja na matangazo ya siku kadhaa kabla. Kuacha kujaribu hakumlindi mtu yeyote.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imekwisha kuweka kamati hadi ngazi ya kijiji, kwa hiyo hakuna chombo kipya kinachohitajika. Halmashauri za Korogwe na Handeni zipange jaribio la kwanza Septemba, kabla vuli haijaanza, na matokeo yake, pamoja na majina ya vitongoji ambavyo ujumbe haukufika, yasomwe hadharani katika mikutano ya vijiji.