Nyayo gani unamaanisha?

Wasee, hebu leo tuongee kuhusu jina Nyayo. Ukimwambia konda "nishushe Nyayo", haulizwi maswali, unashukia karibu na uwanja. Ukisema unaishi Nyayo, watu wanajua ni Embakasi, zile nyumba za NSSF. Ukisema uko Nyayo tangu asubuhi na hujakula, basi hiyo ni pasipoti, uko kwa laini ya Nyayo House. Na kuna mashamba ya chai ya Nyayo kando ya misitu, ambayo sisi wa mtaani wengi hatujawahi hata kuyaona.

Moi alipochukua urais 1978 baada ya Kenyatta kufariki, alisema atafuata nyayo za mzee. Sawa. Lakini neno la kufuata mtu mwingine likageuka kuwa jina lake yeye. Mabasi ya Nyayo yakaja 1986, yakafa miaka ya 90. Chuo Kikuu cha Nairobi kikaambiwa kiunde gari, likaitwa Nyayo Pioneer, yakatoka matano ya majaribio, halafu kimya. (Hiyo gari naipenda, sitadanganya. Angalau kuna watu walijaribu.) Na watoto wa shule za msingi wakapewa maziwa ya Nyayo.

Hapo kwa maziwa ndio shida yangu inaanza. Kila wiki naona video zake: pakiti ya pembe tatu, muziki wa zamani, na komenti mia za "siku hizo tuliishi vizuri". Mathe wangu ni mtoto wa Nyayo, aliyanywa na anayasifu mpaka wa leo. Simkatazi. Mtoto aliyetoka nyumbani bila chai akapewa maziwa ya bure ana haki ya kuyakumbuka.

Lakini jina la hiyo pakiti ndilo lilikuwa kwa jengo ambalo chini yake, miaka hiyo ya 80, watu walikuwa wanateswa. Walioshukiwa kuwa wa Mwakenya: wahadhiri, wanafunzi, wakulima, watu wa kawaida tu. Vyumba vya giza, maji sakafuni, siku kadhaa bila chakula. Wengine walikuwa na umri wetu. Baadaye Mahakama Kuu iliamuru baadhi yao walipwe fidia, kwa hivyo hizi si hadithi za vijiweni.

2024 baada ya maandamano, vijana walipoanza kuchukuliwa na watu wasiojulikana, niliona wengi wakiandika eti Kenya haijawahi kuona kitu kama hiki. Imewahi. Ilitokea katikati ya jiji, mchana, watu wakipita hapo juu wakienda kazi.

Sasa kuna wale husema jengo lipewe jina jipya. Mimi napinga. Ukiliita jengo jina lingine, Nyayo itabaki ya maziwa, uwanja na nyumba nzuri za Embakasi, imeoshwa ikaisha. Acheni jina pale pale. Ninachotaka ni hivyo vyumba vya chini viwe wazi kila siku ya kazi, kama makumbusho. Februari 2003, Kibaki akiwa ndio ameingia tu, serikali ilivifungua na watu wakaviona, kwa hivyo msituambie ni jambo lisilowezekana.

Maanake fikiria mtu ako pale juu na stakabadhi zake, anatafuta pasipoti aende kazi Qatar, anangoja masaa manne, na hajui chini ya miguu yake kuna nini. Hayo masaa manne yanatosha kabisa kushuka na kurudi.

Kwa hivyo ukienda huko, muulize askari wa mlangoni njia ya kwenda chini ni ipi. Muulize kwa heshima, hana makosa, yuko kazini. Halafu uje uniambie alikujibu nini.