Sindano ya Gramafoni: Uliza Uzito Kabla ya Bei

Ukishapata gramafoni yako ya kwanza, usikimbilie kichwa cha sindano cha bei kubwa. Uliza kwanza kinailemea santuri kwa gramu ngapi. Vichwa vya seramiki, vilivyo katika mashine nyingi za bei nafuu, huweza kulemea kwa gramu 5. Kichwa cha sumaku kama AT-VM95E cha Audio-Technica hutosheka na gramu 2. Sindano yake ikichakaa huchomolewa, ukapachika nyingine. Ila mkono wa mashine uwe na uzani wa kurekebisha, na amplifaya iwe na tundu la gramafoni. Vichwa vya koili waachie mabingwa.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Ikiwa sandukuni mna santuri za babu, zile za mizunguko 78 kwa dakika, kama alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, usizitie sindano hiyo. Mfereji wake ni mpana. Sindano nyembamba huzama hadi chini, ukasikia mikwaruzo kuliko mwimbaji. Zataka sindano ya mikroni 75 hivi, nayo hupachikwa katika kichwa kilekile cha VM95. Mpaka utakapoipata, ziache katika majalada yake.