Gari Lililoinama Nyuma Lisifichiwe Ugonjwa

Kuna ada iliyokita mizizi miongoni mwetu, nayo ni ile ya kutuliza dalili na kuuacha ugonjwa wenyewe ukistawi. Gari la kale linapoanza kuinama nyuma mithili ya fisi, aghalabu mwenyewe hukimbilia kuongeza bamba moja la chuma kwenye kamani, ama kupachika kipande cha mbao juu ya ekseli, kisha hutoka barabarani kifua mbele. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kilio humfichua. Rai yangu leo ni kwamba kasoro hii inaweza kurekebishwa nyumbani na mtu mwenye subira na vifaa vichache, mradi aanze kwa kupima na kukitafuta chanzo. Nasema pia kwamba shule zetu zina mengi ya kuvuna katika kazi hiyo.

Nitatoa mfano wa gari nilijualo vyema, yaani Land Rover ya Series III, ambayo ilitengenezwa kati ya mwaka wa 1971 na 1985. Si gari geni nchini. Land Rover ziliwahi kuunganishwa mjini Thika enzi za kampuni ya Leyland Kenya, na walimu wengi wa rika langu wanakumbuka zilivyowafikisha katika shule zisizokuwa na barabara ya kusifiwa. Langu ni la mwaka wa 1974, na lingali likinihudumia.

Uzito wa gari hili hubebwa na kamani, au springi kama wasemavyo mafundi wa Jua Kali. Kila kamani ni mabamba kadhaa ya chuma cha pua yaliyopindwa kama upinde na kulaliana, refu kuliko yote likiwa ndilo bamba kuu. Mabamba hayo hushikanishwa kwa bolti moja ya katikati, kisha hufungwa kwenye ekseli kwa bolti zilizopindwa mfano wa herufi U. Ncha moja ya kamani ya nyuma hufungwa kwenye chasisi isisogee. Ncha ya pili huning'inia kwenye shakeli, kiungo kinachochezacheza ili kamani ipate nafasi ya kurefuka inapokandamizwa na mzigo. Upinde huo ukifa, gari hulala.

Hapa ndipo wengi wanapopotoshwa. Katika gereji moja nilishauriwa ninunue shoki mpya ili gari liinuke. Ushauri huo ungenila fedha bure bilashi. Shoki ya kawaida ya mafuta haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kutuliza mrukoruko tu. Iliyochakaa italifanya gari liyumbe na kudundadunda, lakini haitaliinamisha likiwa limesimama.

Basi tuanze kwa kupima. Liegeshe gari mahali tambarare, liwe tupu, magurudumu yakiwa na upepo sawa. Libonyeze mara kadhaa ili kamani zitulie. Kisha pima kwa utepe kutoka katikati ya kila gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, na uandike vipimo vya kulia na kushoto. Usishtuke ukiona tofauti ndogo, kwa maana katika Land Rover hizi kamani ya upande wa dereva hupindwa zaidi kidogo makusudi. Pande zote mbili zikiwa zimeshuka, yamkini chuma kimechoka kutokana na umri na mizigo. Upande mmoja ukiwa umeshuka sana, chunguza kama kuna bamba lililovunjika, bushi zilizolika, au bolti ya katikati iliyokatika. Bolti hiyo ikikatika, ekseli huweza kusogea na gari likaenda upande kama kaa.

Isitoshe, gonga chasisi kwa nyundo ndogo pale kamani zinaposhikilia. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, kwa hiyo huonekana nzima miaka nenda miaka rudi, ilhali chasisi yake ni ya chuma kinacholiwa na kutu kimyakimya. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya mfu. Ukisikia sauti hiyo, kamani mpya hazitakufaa kitu mpaka chasisi ishughulikiwe kwanza.

Sasa zingatia athari za njia za mkato. Bamba la ziada hufanya kamani iwe ngumu, lakini bamba kuu lililochoka hubaki limechoka, na kila shimo la barabarani hupeleka kishindo kikubwa zaidi kwenye chasisi ile ile kuukuu. Kipande cha mbao hupasuka na kuteleza. Wapo pia wanaochoma mabamba kwa moto wa gesi na kuyapinda upya. Chuma cha kamani hupata unyumbufu wake kwa kupashwa joto la zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi, kuzamishwa kwenye mafuta, kisha kupashwa tena kwa joto la chini lililopimwa. Moto wa kubahatisha huuvuruga mpango huo wote, bamba likawa laini au likavunjika ghafla. Wala madhara hayamhusu mwenye gari peke yake. Gari lililoinama nyuma huinua taa zake za mbele zikawapofusha wanaokuja, na wakati wa usiku, katika barabara nyembamba, hilo ni suala la uhai na mauti.

Dawa ya kamani iliyochoka ni kuibadilisha, na daima kwa jozi, kulia na kushoto. Hata hivyo, kabla ya kugusa spana, jambo moja lazima lijulikane. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu moja kwa moja. Hushika propela ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, gia za ekseli huliruhusu kuzunguka huru, na gari laweza kubingirika ijapokuwa breki imevutwa hadi mwisho. Kwa hiyo magurudumu ya mbele yazuiwe kwa kabari imara, mbele na nyuma. Chasisi ikalie stendi mbili za chuma, wala si mawe au matofali, na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Mimi hulowesha bolti kwa mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, maana hukwama ndani ya bushi. Magurudumu yakishatolewa, jeki ya pili huishikilia ekseli huku shoki ikifunguliwa upande wa chini pamoja na zile bolti za herufi U. Ekseli hushushwa polepole mpaka kamani ipumue, ndipo bolti za ncha zake zitolewe. Wakati wa kurudisha, tumia bolti mpya za herufi U, na usikaze kabisa bolti za bushi gari likiwa limening'inia. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. La sivyo mpira wa bushi utafungwa ukiwa umejisokota, nao utararuka mapema. Baada ya safari chache, kagua ukazaji wa kila nati, kisha rekebisha taa.

Kwa nini nawaandikia walimu na wanafunzi haya yote? Kwa sababu mwanafunzi hukariri kanuni ya Hooke, aliyoichapisha Robert Hooke mwaka wa 1678, kwamba kamani hunyooka kwa kadiri ya uzito unaoivuta, pasipo kuona inamhusu nini. Mpe gari la shule, utepe, na mifuko ya saruji ya kilo 50. Apakie mmoja, apime. Apakie wa pili, apime. Kisha aipakue mmoja mmoja akipima tena. Atagundua kwamba vipimo vya kupakua havilingani barabara na vya kupakia, kwa kuwa mabamba hukwaruzana. Atauliza swali ambalo pengine halimo katika kitabu chake. Zoezi hilo halimlazimu mtoto yeyote kuingia chini ya gari.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, ulikusudiwa kuwapa wanafunzi stadi za mikono. Katika shule nyingi karakana hazikujengwa, na masomo hayo yakageuka nadharia ya kukariri. Mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka wa 2017, umerejelea ahadi iyo hiyo. Ahadi hiyo haitatimizwa kwa vitabu vya kupendeza pekee iwapo gari lililochakaa linaozea nyuma ya jikoni la shule bila mwalimu wa fizikia kulitupia jicho.

Huenda mtu akasema kwamba kazi hii ni ya fundi, na kwamba tunamnyang'anya riziki yake. La hasha. Fundi stadi wa Jua Kali ndiye ningependa aalikwe shuleni kusimamia kazi ya spana, kwa ujira wake halali, huku mwalimu akifafanua nadharia. Mteja aliyepima gari lake mwenyewe humheshimu fundi anayejua kazi, na humtambua mapema yule anayetaka kumuuzia shoki asizozihitaji.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu: muhula ujao, kabla hamjaandika kanuni ya Hooke ubaoni, watoeni wanafunzi nje wakiwa na utepe na daftari, wakapime gari lililopo.